Tiba ipi hurejesha nguvu za mkono baada ya kiharusi?

MGONJWA wa kiharusi anaporuhusiwa kuondoka hospitalini, jambo la kwanza ambalo jamaa zake huuliza ni kama ataweza kutembea. Swali la mkono huja baadaye, aghalabu miezi miwili mitatu ikishapita, wakati mgonjwa ameanza kujikokota kwa mkongojo hadi uani ilhali mkono umening'inia ubavuni kama kitu kisicho chake. Hapo ndipo mashauri huanza kumiminika. Jirani ana habari za kliniki yenye mashine ya umeme. Binamu aliye ng'ambo ametuma video ya roboti inayoufunza mkono kushika kikombe. Mwingine anasisitiza mzee akandwe kwa mafuta ya moto asubuhi na jioni, na wapo wanaotaka ng'ombe wauzwe ili apelekwe India.

Mashauri hayo hutolewa kwa nia njema, lakini hayana uzito sawa. Kwa zaidi ya miaka 20 sasa, tiba za mkono baada ya kiharusi zimelinganishwa katika majaribio mengi ya kitabibu, na matokeo yamewashangaza hata baadhi ya wale waliozibuni. Tiba za gharama kubwa hazikuzishinda zile za gharama ndogo jinsi ilivyotarajiwa. Lililojitokeza tena na tena ni kwamba mkono hurejea kwa kutumika, na kutumika huko kunapasa kuwa kwingi kuliko kule wagonjwa walio wengi wanakopata.

Mkono haucheleweshwi bure

Kiharusi hutokea mshipa unaopeleka damu katika sehemu fulani ya ubongo unapozibwa na donge la damu, au unapopasuka. Seli za sehemu hiyo hufa kwa kukosa hewa ya oksijeni. Kwa kuwa upande wa kulia wa ubongo ndio unaoongoza upande wa kushoto wa mwili, na wa kushoto ukaongoza wa kulia, kiungo kinacholegea huwa upande wa pili wa jeraha.

Mguu una nafuu fulani. Unaweza kuubeba mwili hata ukiwa na nguvu kidogo tu, na mtu akatembea japo kwa kuchechemea. Mkono hauna nafasi ya kuchechemea. Kufunga kifungo cha shati au kuokota sarafu kunadai kila kidole kifanye kazi yake kwa wakati wake. Tena ipo sababu nyingine ambayo hupuuzwa. Hakuna atembeaye kwa mguu mmoja, kwa hivyo mguu mgonjwa hulazimika kufanya kazi, apende asipende mwenyewe. Mikono ni miwili, na ule mzima huwa tayari kuchukua kazi zote.

Jambo hili la mwisho ndilo lililomshughulisha Edward Taub, mwanasaikolojia wa Marekani. Katika majaribio yake Taub alikata neva za hisia za mkono mmoja wa tumbili, akaacha zile zinazousogeza zikiwa salama. Tumbili aliacha kabisa kuutumia mkono huo. Lakini mkono mzima ulipofungwa, ule uliodhaniwa umekufa ulianza kufanya kazi. Taub alihitimisha kwamba mnyama alikuwa amejifunza kutoutumia: alijaribu siku za mwanzo akashindwa, akakata tamaa, na hata uwezo uliporudi hakujaribu tena. Utafiti huo ulimletea matata makubwa. Mwaka wa 1981 maabara yake mjini Silver Spring, jimbo la Maryland, ilivamiwa na polisi baada ya mtetezi wa wanyama kutoa malalamishi, naye akashtakiwa kwa kuwatesa tumbili. Hukumu dhidi yake ilibatilishwa na mahakama ya rufaa mwaka wa 1983, na suala la namna wanyama hao walivyotunzwa lingali linazua mabishano. Hata hivyo, tiba iliyotokana na kazi hiyo, ambayo Taub aliikuza katika Chuo Kikuu cha Alabama jijini Birmingham, ndiyo iliyo na ushahidi mzito zaidi kati ya tiba zote za mkono.

Kuufunga mkono mzima

Mgonjwa huvishwa glavu nene katika mkono ulio mzima ili asiweze kushika kitu kwa huo. Kisha mkono dhaifu hupewa kazi: kuinua kikombe, kupindua karata, kupanga vigae, kufungua kitasa. Kazi huanza ikiwa nyepesi na huongezwa ugumu hatua kwa hatua.

Jaribio kubwa la tiba hii, lililopewa jina la EXCITE, lilichapishwa mwaka wa 2006. Wagonjwa 222 waliopatwa na kiharusi miezi mitatu hadi tisa iliyotangulia waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilivaa glavu kwa sehemu kubwa ya muda wa kuwa macho kwa majuma mawili, huku likifanya mazoezi hadi saa sita kila siku ya kazi. Kundi la pili liliendelea na huduma ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja, muda ambao kundi la kwanza lilichukua kukamilisha kazi za kupimia mkono ulikuwa umepungua kutoka wastani wa sekunde 19.3 hadi 9.3. Katika kundi la pili ulipungua kutoka sekunde 24.0 hadi 17.7. Pande zote mbili zilipata nafuu, ila moja iliipata kwa kiasi kikubwa zaidi.

Lakini msomaji asikimbilie kumfunga mgonjwa wake mkono. Walioshiriki walichaguliwa kwa makini: kila mmoja aliweza walau kuinua kifundo cha mkono kwa digrii 10, na kunyoosha kidole gumba na vidole vingine viwili kwa kiasi kama hicho. Asiyeweza kusogeza kidole hata kimoja hana atakachokifanyia mazoezi, na kumfunga mkono mzima ni kumnyang'anya ule aliobaki nao. Pia, mtu asiyekuwa imara miguuni anauhitaji mkono huo kujishika asianguke. Isitoshe, kuharakisha kunaweza kudhuru. Jaribio la VECTORS la mwaka wa 2009, lililohusisha wagonjwa 52 walioanza tiba hii siku kumi hivi baada ya kiharusi, lilionyesha kwamba waliofanyishwa mazoezi kwa wingi zaidi walikuwa na hali duni kuliko wenzao siku ya 90.

Kioo cha mezani

Kwa mgonjwa ambaye mkono haujasogea, au unasogea kidogo mno, ipo tiba inayohitaji kioo cha kawaida tu. Kioo husimamishwa wima juu ya meza mbele ya kifua cha mgonjwa. Mkono dhaifu hufichwa nyuma yake na ule mzima huwekwa mbele. Mgonjwa anapofungua na kufumba ngumi ya mkono mzima huku akitazama kioo, macho humwambia kwamba mkono uliofichwa ndio unaofanya kazi. Wakati huo huo anajitahidi kuusogeza kweli.

Mbinu hii ilianza katika miaka ya 1990 kwa daktari V. S. Ramachandran, aliyewatibu watu waliokatwa mkono lakini wakaendelea kuhisi maumivu katika mkono usiokuwepo. Mwaka wa 1999 ilijaribiwa kwa wagonjwa tisa wa kiharusi, idadi ndogo isiyotosha kuthibitisha lolote. Ushahidi umeongezeka tangu hapo. Mwaka wa 2018 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima ubora wa tafiti za tiba, lilichunguza tafiti 62 zenye washiriki 1,982 na kuona kwamba kioo huongeza uwezo wa mkono kusogea, kikitumika pamoja na mazoezi mengine. Nafuu yake si ya miujiza. Lakini kwa kifaa kinachopatikana katika duka lolote la mtaani, ni vigumu kuona sababu ya kutokitumia.

Roboti, michezo na umeme

Roboti za kufunza mkono zilivuma sana, na kwa sababu ya maana. Mashine haichoki, haikasiriki, na inaweza kuuongoza mkono mara mamia kwa saa moja. Mtangulizi wa mashine hizo aliundwa katika taasisi ya teknolojia ya MIT nchini Marekani. Mwaka wa 2010 jaribio lililowahusu wagonjwa 127, wengi wao askari wa zamani wa nchi hiyo, lililinganisha roboti na mazoezi makali yaliyosimamiwa na mtaalamu pamoja na huduma ya kawaida. Kufikia juma la 36, roboti ilikuwa imeizidi huduma ya kawaida, lakini haikuwazidi wagonjwa waliofanyishwa mazoezi makali na binadamu. Kisha likaja jaribio la RATULS nchini Uingereza, lililochapishwa mwaka wa 2019 na kuwahusisha wagonjwa 770. Walifunzwa kwa dakika 45, mara tatu kwa juma, kwa majuma 12. Roboti haikuboresha utendaji wa mkono katika shughuli kuliko huduma ya kawaida. Mgonjwa alijifunza kusogea ndani ya mashine, na ujuzi huo haukumfuata hadi jikoni.

Michezo ya video nayo ilipimwa. Katika jaribio la EVREST la mwaka wa 2016, wagonjwa 141, wengi wao wa Kanada, waligawanywa. Baadhi walicheza mchezo wa Nintendo Wii wa kurusha na kupiga mipira hewani, na wengine wakacheza karata, domino na michezo mingine ya mezani kwa muda uo huo. Matokeo yalilingana. Bao halikuwa miongoni mwa michezo iliyojaribiwa, lakini yeyote aliyewahi kuketi barazani Lamu au Mombasa anajua kwamba kuteka kete na kuzisambaza moja moja shimoni ni kazi ya vidole kama zilivyo domino, na inachezwa kwa saa nyingi bila mtu kusukumwa.

Umeme una nafasi yake, ila ni finyu kuliko inavyotangazwa. Vipande vya kupitisha umeme hubandikwa juu ya misuli ya mkono wa mbele ili kuinua kifundo na kufungua vidole. Hufaa zaidi mgonjwa anapojaribu mwenyewe kufanya tendo hilo wakati umeme unapita, na hufaa kidogo sana akiwa ameketi akitazama televisheni mashine ikimfanyia kazi. Swali la kumuuliza mwenye mashine ni hilo hilo: mgonjwa atakuwa akifanya nini wakati huo?

Tiba mpya zaidi ni ile ya kuchangamsha neva ya vagasi, inayotoka ubongoni na kupita shingoni. Kifaa hupachikwa kifuani kwa upasuaji, na kila mgonjwa anapofanya tendo la mazoezi, mtaalamu hubonyeza kitufe na neva hupokea umeme kwa kitambo kifupi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka wa 2021, lililowahusu wagonjwa 108 Uingereza na Marekani, asilimia 47 ya waliochangamshwa walipata nafuu ya kuonekana baada ya siku 90, ikilinganishwa na asilimia 24 ya wale ambao vifaa vyao havikutoa umeme huo. Marekani iliidhinisha tiba hiyo mwaka huo huo. Inafaa kutambua kwamba makundi yote mawili yalifanya mazoezi makali kwa majuma sita. Umeme uliongeza faida ya kazi hiyo wala haukuchukua mahali pake.

Kuhusu kukanda, kunaburudisha na kunaweza kupunguza maumivu, lakini misuli inayokandwa haijifunzi kitu. Sindano za kulegeza misuli iliyokaza nazo husaidia kufungua kiganja kwa ajili ya usafi na mavazi. Peke yake haziufunzi mkono kufanya kazi.

Hesabu ya marudio

Baada ya kuyatazama majaribio hayo yote, tofauti kubwa huonekana katika wingi wa mazoezi. Mwaka wa 2009 watafiti waliohesabu matendo ya wagonjwa katika vituo vya Marekani na Kanada waligundua kwamba katika kipindi kimoja cha tiba, mkono dhaifu ulifanya matendo yenye manufaa wastani wa mara 32 tu. Wanyama wa maabara ambao ubongo wao ulionekana kujipanga upya walikuwa wakifanya mamia kwa siku. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi zenye wataalamu wengi, mgonjwa wa hapa nchini anayeonana na mtaalamu mara moja kwa juma hana budi kupata marudio yake kwingine.

Kituo kimoja cha Queen Square jijini London kilichukua njia ya kinyume. Wagonjwa wake hufanya saa 90 za mazoezi kwa majuma matatu. Ripoti ya mwaka wa 2019 kuhusu wagonjwa 224, nusu yao wakiwa wamekaa mwaka mmoja na nusu au zaidi tangu kiharusi, ilionyesha nafuu kubwa iliyodumu hadi miezi sita. Hakukuwa na kundi la kulinganisha nalo, na kasoro hiyo haifai kufichwa. Walakini matokeo hayo yanatia shaka ile kauli ambayo familia nyingi zimeambiwa, kwamba baada ya miezi sita hakuna la kutarajia.

Hilo halimaanishi kwamba wakati si kitu. Jaribio la CPASS la mwaka wa 2021 liliwapa wagonjwa saa 20 za ziada za mazoezi kwa nyakati tofauti. Waliofaidika zaidi ni wale waliozipata kati ya mwezi wa pili na wa tatu baada ya kiharusi. Waliozipata baada ya miezi sita hawakuonyesha faida ya kutegemewa. Miezi hiyo ya mwanzo ndiyo ambayo, katika nyumba nyingi, mgonjwa huambiwa apumzike, na binti yake humlisha, humvisha na kumfungia vifungo kwa heshima na huruma. Mkono hujifunza kutotumika kwa msaada wa wote wanaoupenda.

Nyumbani, bila mashine

Je, familia inaweza kuchukua kazi ya mtaalamu? Hapa hapana jibu jepesi. Nchini India, ambako uhaba wa wataalamu unafanana na wetu, jaribio la ATTEND liliwafunza jamaa za wagonjwa 1,250 au kuwaachia huduma ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2017 yalivunja moyo: baada ya miezi sita, asilimia 47 katika kila upande walikuwa wamefariki au walikuwa wakiwategemea wengine. Jaribio hilo lilipima hali ya mgonjwa kwa jumla wala si mkono peke yake, lakini ni onyo kwa wanaodhani kwamba mafunzo mafupi kwa jamaa yanatosha.

Programu iitwayo GRASP, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, ilifaulu kwa mpango tofauti kidogo. Mtaalamu humpima mgonjwa, humpa kitabu cha mazoezi kinacholingana na uwezo wake pamoja na kisanduku cha vifaa vya kawaida, na humkagua kila juma ili kuongeza ugumu. Mgonjwa hufanya mwenyewe kwa saa moja hivi kila siku, jamaa wakimhimiza. Katika jaribio la mwaka wa 2009 la wagonjwa 103, waliofuata mpango huo kwa majuma manne walitumia mikono yao vyema kuliko wenzao. Mtaalamu hakuondolewa, kazi yake iligeuka kutoka kushika mkono wa mgonjwa hadi kumpangia kazi na kuikagua.

Mpango wa namna hiyo hauko mbali na uwezo wa Kenya. Chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, hufunza wataalamu wa tiba ya viungo na wale wanaomrudisha mgonjwa katika shughuli za kila siku. Vifaa vimo nyumbani: maharagwe ya kuhamishwa kutoka bakuli moja hadi jingine, vibanio vya kuanikia nguo, leso ya kukunja, chupa yenye kifuniko cha kufungua, majani ya sukuma wiki ya kuchambua. Jambo la kuangaliwa ni kwamba kazi iwe ngumu kiasi cha kumfanya mgonjwa akosee mara kwa mara, na ihesabiwe. Mara kumi hazitoshi. Shinikizo la damu nalo lazima lidhibitiwe kwa dawa muda wote huo, kwani kiharusi cha pili hufuta kazi ya miezi.

Ni nani wa kutarajia nini? Utafiti wa Uholanzi wa mwaka wa 2010, uliofuatilia wagonjwa 188, ulitoa kipimo chepesi. Waliokuwa wakiweza kunyoosha vidole kidogo na kuinua mkono upande kutoka begani siku mbili baada ya kiharusi walikuwa na uwezekano wa asilimia 98 wa kurejesha ustadi fulani wa mkono kufikia mwezi wa sita. Kwa wasioweza lolote kati ya hayo, uwezekano ulikuwa asilimia 25. Robo si haba, ingawa yeyote anayemwahidi mgonjwa wa kundi hilo mkono mzima kwa malipo fulani anauza asichonacho.

Kwa mgonjwa wa kundi hilo, kazi ya kwanza ni kulinda bega. Misuli iliyolegea haiwezi kulishikilia, na jamaa anayemwinua mgonjwa kitandani kwa kumvuta mkono anaweza kulitegua na kumwachia maumivu yatakayozuia mazoezi kwa miezi. Ainuliwe kwa kushikwa kiunoni na mgongoni. Akiketi, mkono uegemezwe juu ya mto, wala usiachwe uning'inie. Vidole vinyooshwe polepole kila siku visikauke vikiwa ngumi, kioo kitumike, na kila asubuhi mgonjwa aombwe ajaribu kuvifungua mwenyewe. Siku kimoja kitakapocheza, hata kwa kiasi cha kuonekana kwa shida, mtaalamu aarifiwe mara moja, maana kuanzia hapo mpango mzima wa mazoezi hubadilika.